Pikipiki ya Kiti Kimoja

Pikipiki yangu ya kwanza niliichagua kwa ajili ya makalio ya mtu mwingine. Nasema hivyo waziwazi sasa kwa sababu mume wangu, Mungu amrehemu, kwa muda mrefu aliamini niliichagua kwa ajili ya mgongo wangu, na fundi aliyenisaidia kuitafuta aliamini sina akili timamu. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli. Mgongo ulikuwa ukiniuma kweli, na akili yangu siku hizo yote ilikuwa kwa mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa bwana shamba wa Handeni. Mimi nilikuwa bibi maendeleo wa wilaya hiyo hiyo, kijana bado, nimetoka chuoni na madaftari yangu mapya. Ofisi ilipewa pikipiki moja kwa ajili yetu sisi wawili, na hakuna aliyeuliza nani atakaa wapi. Yeye alikaa mbele kwenye kiti cha sponji. Mimi nilikaa nyuma kwenye keria, zile fito za chuma zilizotengenezwa kwa ajili ya kufungia magunia.

Zilikuwa siku za vijiji vya ujamaa. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye mashamba yao ya zamani na kupangwa kwa mistari kando ya barabara, nasi tuliwafuata huko huko. Yeye aliwaambia habari za mihogo na pamba, mimi nikawaambia kina mama habari za vyoo na uji wa watoto. Barabara zenyewe zilikuwa za udongo mwekundu. Masika zilikatwa na maji, na kiangazi kikija zilikauka na makorongo yake yote, magumu kama matofali. Mtu wa mbele huliona shimo akajiandaa. Mtu wa nyuma hulijua likishampata.

Mwanzoni nilikunja khanga mara nne nikaifunga kwenye keria. Siku ya tatu nikakuta ameifungua na anafutia nayo grisi ya mnyororo.

"Mtani," akasema, "keria ni ya mizigo. Umeona wapi gunia limetandikiwa?"

Hapo ndipo penye ugumu wa habari hii. Mimi ni Mzigua. Yeye alikuwa Mnyamwezi, mtoto wa manamba, baba yake aliletwa kukata mkonge na yeye akazaliwa kambini huku Korogwe. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za babu zetu. Mtani anaweza kukusema mbele ya wakwe zako, anaweza kumkamata kuku wako unamwangalia akaondoka naye, na wewe huna ruhusa ya kununa. Unachoruhusiwa ni kumrudishia. Nami sikujaliwa ulimi huo. Nikitaniwa, koo linaniziba na macho yananijaa, na jibu zuri nalipata siku mbili baadaye nikiwa nafua.

Kama angeishia kuniumiza tu, labda ningesahau. Lakini kila tulipofika kijijini, kabla hajataja mbegu wala mbolea, alisimama mbele ya mkutano na kusema, "Ndugu wananchi, kwanza niwaambieni alivyolia mtani wangu kwenye korongo la Sindeni." Kisha alichuchumaa, akashika makalio kwa mikono miwili, akapindua macho na kupiga ukelele, "Yalaa! Mama yangu nakufa!" Aliniiga sawasawa, hilo simnyimi. Wazee waliangua kicheko mpaka wakakohoa. Akina mama, wale wale niliokuja kuwafundisha, walijifunika nyuso kwa khanga na mabega yakatikisika. Nilipoinuka kusema habari za vyoo, tayari nilikuwa kichekesho. Watoto walinisindikiza wakilia yalaa, yalaa, hadi mwisho wa kijiji.

Miaka mitatu. Vijiji vyote.

Nilikwenda kwa baba nikamshitaki. Baba alikuwa mtu wa Handeni ndanindani, mkulima, mtu wa swala tano. Alinisikiliza huku akipukuchua mahindi, mwisho akasema, "Huyo ni mtani wako. Huwezi kumkasirikia. Mjibu."

"Nimjibu nini, baba?"

"Utapata," akasema, akachukua gunzi jingine.

Nikapata. Nilipata nikiwa juu ya keria yenyewe, kati ya Misima na Sindeni, meno yamegongana na ulimi unavuja damu. Niliona kwa macho yangu, kama mtu anavyoona nyumba atakayoijenga: mimi mbele, nimekaa vizuri, yeye nyuma juu ya chuma, maili arobaini kutoka Handeni hadi Korogwe, na mwisho wa safari watu wamejaa, nami nachuchumaa na kuwaonyesha alivyolia. Hilo ndilo nililolitaka. Sikutaka ahamishwe wala afukuzwe kazi. Nilitaka akae pale nilipokaa mimi.

Mume wangu alikuwa karani wa stesheni ya reli Korogwe, na nyumba yetu ilikuwa Manundu. Siku za kazi nililala Handeni kwenye nyumba ya serikali, Ijumaa nikarudi Korogwe kwa basi au juu ya lori la mahindi, kama lipo. Kwa hiyo nilipomwambia nataka kununua pikipiki iliyotumika, ya safari ndefu, ya kukaa bila kuumia, aliona ni jambo la busara. Akiba yangu ilitosha kwa kuukuu, si kwa mpya. Akanitafutia fundi mmoja wa hapo Manundu, mzee mwenye sikio la injini, ambaye alikubali pia kunifundisha kuendesha kwenye uwanja wa mpira. Kujifunza hakukunichukua muda. Miaka mitatu nilikuwa nimeutazama mguu wa mtu mwingine ukibadilisha gia.

Ya kwanza kwenda kuiona ilikuwa Mombo. Mwenyewe alikuwa na duka karibu na pale mabasi yanaposimama abiria wanunue chakula, na aliiuza kwa sababu mlima wa Lushoto ulimshinda. Ilikuwa ya Kijapani, nyekundu, bado ina mng'aro. Fundi aliweka kiganja kwenye injini akaisikiliza, akavuta klachi, akazungusha matairi, akachungulia chini ya tangi. Mume wangu alikaa mbele akajirusharusha kama mtoto. Mimi nikazunguka nikakaa nyuma.

"Mama," fundi akaniambia taratibu, "pikipiki hujaribiwa mbele."

"Endesha wewe. Mimi nitaijaribu huku."

Tulikwenda hadi kona ya mashamba ya mkonge, tukaingia kwenye njia mbovu ya matrekta, tukarudi. Kiti kilikuwa kirefu, kimeshonwa kipande kimoja kutoka kwenye tangi hadi mwisho. Shokomzoba za nyuma zilikuwa nzima. Kila shimo lilikuja likaishia chini huko. Ilikuwa kama kukaa kwenye godoro walilomtandikia mgeni. Nikashuka.

"Siitaki."

Fundi akaivua kofia. "Ina ubaya gani?"

"Nyuma ni laini mno."

Mume wangu akanitazama. Mwenye duka akanitazama. Mama mmoja muuza ndizi za kuchoma, ambaye hakuulizwa, akasema maishani mwake hajasikia mteja akikataa kitu kwa kuwa ni laini. Katika basi la kurudi mume wangu aliongea habari za treni tu, na mimi nikajifanya nasinzia. Alikuwa ameshajiona yuko nyuma yangu kwenye kiti kile, Jumapili, tunakwenda kuwasalimia ndugu zake.

Ya pili ilikuwa hapo hapo Manundu, mali ya mzee aliyestaafu zahanati. Keria yake ilinipendeza sana. Ilikuwa na fito tatu tu, zimepinda juu kidogo katikati, na fito ya katikati ilikuwa na nundu ya kulehemu isiyosuguliwa. Niliikalia nikasikia mwili mzima ukikumbuka. Lakini kiti cha mbele nacho kilikuwa kimekwisha. Ngozi imechanika, sponji imeliwa na panya, na springi moja inachungulia. Usukani ulikuwa wa chini mno, unamlaza mtu tumboni. Nilizunguka mtaa mara moja nikarudi nimeshika kiuno. Nilitaka kumuumiza mtu, sikutaka kuumia naye.

"Mama, hebu niambie unatafuta nini," fundi akaniomba, "maana mimi nimechoka kukisia."

Nikamwambia: mbele nikae kama mtu aliyekaa sebuleni kwake. Nyuma iwe chuma. Akakuna kidevu. Akauliza kama nina biashara ya kusafirisha mbuzi. Nikasema ndiyo, karibu na hapo.

Tuliipata ya tatu kwenye shamba la mkonge, nje ya mji. Mashamba yalikuwa yameshachukuliwa na umma, na mhandisi mzungu wa mashine za kukamulia mkonge alikuwa anafungasha kurudi kwao. Mume wangu siku hiyo alikuwa zamu, tulikwenda mimi na fundi peke yetu. Ilikuwa ndani ya banda, imefunikwa turubai. Fundi alipolifunua alisema, "Aa."

Ilikuwa nyeusi, ya Kiingereza, nzito, ya zamani kuliko zote, na imetunzwa. Kiti chake kilikuwa cha mtu mmoja, cha ngozi, kipana, kimewekwa juu ya springi mbili nene. Usukani ulikuja nyuma kukufuata mikononi, mgongo ukabaki wima. Mahali pa kuweka miguu palikuwa mbele kidogo, magoti yakapumzika. Tangi lilikuwa kubwa, la kutosha kwenda Handeni na kurudi bila kuomba mafuta kwa mtu, na madigadi mapana, tope lisikufikie. Fundi aliipiga kiki mara moja tu. Ilinguruma polepole, kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye uhakika na mshahara wake.

Nyuma kulikuwa na keria ya bamba. Haikuwa ya fito, ilikuwa bamba zima la chuma, na pembeni limekunjwa juu kuzuia kasha la vyombo lisianguke. Kingo zile zilikuwa na upana wa kidole. Mtu mzima akikaa, zitamshika pande zote mbili.

Nilikaa mbele kwanza, safari hii. Nilitoka nayo hadi njia ya reli ndogo ya shamba, nikapita juu ya mataruma kwa makusudi, na kiti kikapanda na kushuka taratibu, kikanirudisha mahali pangu. Machozi yalinitoka. Sikuwa nimejua kumbe inawezekana kupita barabarani bila kupigwa. Kisha nikakaa nyuma, fundi akaendesha juu ya mataruma yale yale, na nikauma meno, na nikafurahi zaidi ya mara ya kwanza.

Mhandisi alikuwa mtu mwema. Tulipokwisha kukubaliana aliingia stoo akatoka na kitu kimefungwa gazeti. Kilikuwa kiti cha nyuma cha pikipiki ile ile, cha ngozi, cha springi, hakijachakaa. Alisema alikuwa akimbeba mkewe, na mkewe alipotangulia Ulaya yeye akakifungua akafunga bamba la vyombo. Nikichukue, ni zawadi.

"Asante," nikasema. "Kiti kibaki hapa hapa."

"Mama!" fundi akasema.

"Kibaki, fundi."

Mzee wa watu karibu alie. Njia nzima alinifuata kwa baiskeli yake akisema peke yake, na jioni alikwenda stesheni kumshitaki mume wangu kwamba mkewe amekataa kiti cha bure. Mume wangu alikuja nyumbani, akaizunguka pikipiki, akakalia bamba, akashuka.

"Na mimi nitakaa wapi?" akaniuliza.

"Wewe utapanda basi," nikamjibu.

Nilisema kwa mzaha, ila yeye hakuchukulia mzaha. Hakuniomba tena kumpeleka mahali. Kila nilipotaka kumweleza sababu, niliogopa atanikataza, na nilijua nikikatazwa na yeye nitatii. Kwa hiyo sikumweleza.

Handeni nilipoingia nayo mara ya kwanza, nimevaa suruali ya kaki niliyoshonewa Manundu na khanga juu yake kwa ajili ya heshima, watu walitoka madukani. Bwana shamba alikuwa wa kwanza. Aliizunguka, akapiga mluzi, akagonga bamba kwa kidole cha pete.

"Jamani," akawatangazia waliokuwepo, "mtani wangu ameona hospitali haimtibu makalio, amenunua dawa yenye magurudumu!"

Wakacheka. Na hadithi haikukoma. Mimi nilikuwa na usafiri wangu, nafika vijijini kabla yake, na bado yeye akifika anachuchumaa na kulia yalaa, sasa na sehemu ya pili, ya Mzigua aliyekwenda kununua tiba. Nilikuwa nakaa nimetulia. Namwangalia kiuno chake, namwangalia alivyo mkondefu, hana nyama ya kumkinga. Nikasema moyoni, ngoja.

Nilingoja mwaka na zaidi. Bamba sikuliwekea kitu. Mara moja tu, pale Misima, mwanamke mwenye uchungu alihitaji kufikishwa zahanati. Nilimtandikia mto wa pamba na khanga zangu zote mbili, nikaendesha kama nabeba mayai, akajifungua salama. Jioni nikafungua mto, nikaanika khanga, na bamba likabaki tupu kama nilivyolinunua. Mjue basi kwamba kutandika nilikuwa najua.

Ikaja miaka ya vipuri kuwa adimu. Pikipiki ya ofisi ikafa kabureta, ikasukumwa nyuma ya ghala la mbegu. Bwana shamba akawa mtu wa miguu na malori. Akaagiza kabureta kwa mjomba wake Dar es Salaam, na siku moja mume wangu akaniambia wakati wa kula, "Kuna kifurushi cha yule bwana shamba wenu kimefika na treni. Nimekiweka mezani kwangu, mpelekee Jumatatu."

Nikasema sawa. Jumatatu nikaenda Handeni mikono mitupu.

"Mtani," nikamwambia, "kabureta yako iko stesheni. Wanataka uje utie sahihi mwenyewe."

"Lini basi linaenda?"

"Basi limevunjika springi. Mimi narudi Korogwe Ijumaa. Panda na mimi, Jumamosi nitakurudisha, nina mkutano huku."

Akacheka kwa furaha. Akasema kweli watani ndio ndugu.

Ijumaa alikuja na mfuko mdogo na shati lililopigwa pasi. Alikaa kwenye bamba, akajisogeza, akajisogeza tena, zile kingo zikamshika. Nikapiga kiki.

Sikuwahi kuendesha vizuri kama siku ile. Kila korongo nililijua kwa mwili. Mengine nilikuwa nikiyakwepa tangu ninunue pikipiki, siku ile niliyatafuta. Mimi kiti kilininyanyua na kunishusha, nikanyanyuliwa na kushushwa, na nyuma yangu nikasikia chuma na mfupa vinakutana. Hadi Misima alikuwa anafanya utani. Alilia yalaa yangu, kwa sauti yangu, na kunisifu kwamba namwiga yeye alivyoendesha. Baada ya Misima akanyamaza. Tulipokaribia Sindeni akasema, "Mtani, punguza." Nikaongeza. Kwenye lile korongo la Sindeni, lile la hadithi yake, niliingia moja kwa moja, na mtu mzima yule, mwenye ndevu, akapiga kelele, "Mama!" Haikuwa kuiga. Nikatabasamu mpaka vumbi likaniingia mdomoni.

Manundu nilisimama pale panapojaa watu wakati wa basi la jioni. Kulikuwa na wachukuzi, wauza chai, akina mama wa sokoni wakirudi kwa miguu. Alishuka akashindwa kunyooka. Alishika ukuta wa duka, mkono mwingine kiunoni. Mume wangu alikuwa anatoka stesheni, akasimama kuangalia.

Nami nikaanza. "Ndugu wananchi, njooni niwaambieni alivyolia mtani wangu!" Nikachuchumaa, nikashika makalio, nikapindua macho. Nilikuwa nimejizoeza mbele ya kioo miezi mingi, na koo halikuniziba hata kidogo. Nilimshinda yeye. Watu walizunguka, wachukuzi wakapiga makofi, muuza chai akamwaga birika. Nikawalilia ile Mama! yake mara tatu, kila mara tofauti, na kila mara wakaangua kicheko upya.

Naye akacheka, kama mtani apaswavyo. Alicheka huku ameinama, na kope zimelowa. Watu walipoanza kutawanyika akanisogelea, akaniambia chini chini, mimi na mume wangu tu tukasikia:

"Mtani. Kumbe ilikuwa inauma kweli."

"Wewe ulidhani nilikuwa nalia nini?"

"Nilidhani unanijibu," akasema.

Nilimwangalia nione kama anadanganya. Hakuwa anadanganya. Miaka mitatu alikuwa ananitupa kwenye makorongo akisubiri jibu la mtani wake, na kila nilipopiga ukelele aliona hilo ndilo jibu, zuri, la kuchekesha, analipeleka vijijini kunisifia. Hasira ya mtu mwingine ingeishia hapo. Yangu ilipanda. Nikaona nimenyang'anywa hata adui. Nimengoja miaka yote hiyo, nimekataa kiti cha bure, nimemwacha mume wangu apande mabasi, kwa ajili ya mtu asiyejua alichofanya!

Usiku mume wangu hakunisema. Aliuliza tu, "Kwa hiyo ndiyo sababu ya bamba?" Nikasema ndiyo. Akageukia ukutani.

Jumamosi asubuhi bwana shamba alikuwa amesimama nje na mfuko wake na kabureta yake imefungwa kwa kamba. Hakuomba kitu. Mume wangu alitoka ndani na mto wa kitanda chetu, akaufunga kwenye bamba kwa mpira wa baiskeli, vizuri, pande zote mbili. Akarudi nyuma hatua moja.

Mimi nikaufungua ule mpira. Nikautoa mto nikampa mkononi, mbele ya yule mtu.

"Panda," nikamwambia bwana shamba.

Akapanda. Nilimpeleka kwa barabara ile ile, kwa makorongo yale yale. Hakulia. Sindeni hakulia, Misima hakulia, na mimi niliyatafuta mashimo mengine ambayo jana sikuyapitia. Handeni alishuka kwa taabu, akashika mfuko, akasema, "Asante, Bibi Maendeleo."

Safari ya kwenda sijawahi kuijutia. Nikiulizwa leo, na mgongo huu nilio nao, nitaifanya tena. Ya kurudi sipendi kuulizwa.

Tangu siku hiyo hakusimulia tena. Alifika kijijini, akasalimu, akaanza na mihogo. Watoto waliacha kunifuata, akina mama wakanisikiliza, kazi yangu ikaenda vizuri kuliko kazi ya mtu yeyote ofisini. Aliniita Bibi Maendeleo. Akinikuta barabarani alishuka kwenye pikipiki yake akaniamkia kwa heshima, ingawa alinizidi umri. Neno mtani halikumtoka tena mdomoni kwake kwa ajili yangu. Kwa Wazigua wengine lilimtoka kama kawaida, nilimsikia.

Miaka ikapita, baba akafariki. Kwetu, msiba ambao watani hawakuja, watu huulizana marehemu aliwakosea nini. Walikuja. Bibi mmoja wa Kinyamwezi alishuka kaburini akalala, akasema hatoki mpaka apewe jogoo la marehemu. Mwingine alivaa kofia ya baba akazunguka uwanjani anapukuchua mahindi yasiyokuwepo, hivyo hivyo alivyokuwa akifanya, na mimi, nimevimba macho kwa kulia, nikacheka kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Walichukua miiko, wakachukua sufuria ya wali ikiwa motoni, wakakimbia nayo.

Bwana shamba naye alikuja. Watu walimpigia kelele tangu mbali, "Mtani, umechelewa, jembe la mzee limeshachukuliwa!" Akawapungia mkono. Akanifikia, akanipa mikono yote miwili. "Pole sana, Bibi Maendeleo. Mungu amlaze mahali pema." Kisha akaenda kukaa kwenye mkeka wa maofisa wa wilaya.

Nilimpelekea chai mwenyewe. Nikaweka vikombe, nikaweka sahani ya maandazi. Birika la baba, la shaba, ambalo kila mtu pale alijua lilikuwa roho yake, nikalisogeza hadi kwenye goti lake, nikasimama. Alilitazama. Akainua macho, akaniuliza kwa upole kama nataka awamiminie wenzake. Nikasema ndiyo. Akamimina vikombe vyote bila kumwaga tone, akanywa chake, akanawa mikono, akaaga mmoja mmoja. Nilimsindikiza kwa macho hadi barabarani. Aliondoka bila kuchukua hata kijiko.